Hakuna Kichaa Katika Zone Hii

Jibu la serikali lilirudi baada ya majuma matatu. Lilikuwa na sentensi moja tu ya Kifaransa, na muhuri chini yake. Godelieve Mauwa, muuguzi na mkunga, alilisoma akiwa amesimama mlangoni pa dispensari ya Baraka, huku sindano zikichemka kwenye sufuria nyuma yake. Alilisoma tena, akacheka kicheko kisicho na furaha. Karatasi ilisema kwamba idadi ya wagonjwa wa akili katika Zone, wilaya yao nzima, ni néant. Yaani hakuna. Hata mmoja.

Ilikuwa mwaka 1982. Ofisi ya kanisa moja kule Bukavu ilikuwa imeandika kwamba kuna wafadhili wa mbali walio tayari kulipia mafunzo ya watu kumi na wawili, miezi mitatu, wajifunze kuwatunza wagonjwa wa akili na wa kifafa. Walitaka kitu kimoja tu: serikali ya mahali ithibitishe wagonjwa ni wangapi. Godelieve ndiye aliyekuwa amefuatilia jambo hilo tangu mwanzo, barua kwa barua, kwa sababu pwani yote ile ya ziwa, kutoka Baraka mpaka Kazimia, hakukuwa na mtu mwingine aliyesomea kazi hiyo. Yeye mwenyewe alisoma miezi sita tu. Mtu mmoja kwa ziwa zima na milima yake.

Siku ileile alivua koti lake jeupe, akajifunga kitenge safi, akaenda kumwona mkubwa wa ofisi iliyoandika ile karatasi. Huyo aliitwa citoyen Ekanga, yaani raia Ekanga, kama watu walivyotakiwa kuitana siku zile, mtu aliyeletwa kutoka jimbo la mbali, mwenye abakosi, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi mpaka ikasimama kama ubao, na beji ya chama kifuani.

"Citoyen," Godelieve alisema, "ule mwanaume mwenye analala chini ya meza za samaki, ule ni nani?"

"Ule ni mulevi."

"Hajaonja pombe hata siku moya. Na binti mwenye alianguka kwa moto juma ilipita, mukono ikaungua mpaka mufupa?"

"Huyo banamuroga. Ulozi si kazi ya Leta, ya serikali." Ekanga aliegemea kiti. "Sikia, citoyenne Mauwa. Wazimu ni ugonjwa ya bazungu. Muzairwa wa kweli, mwenye anafuata Chama, hana wazimu. Nikiandika kama hapa kuko bafou mia, benye wazimu mia, kule juu bataniuliza: Chama kimekuwa kinafanya nini huko? Unataka mi nijibu nini?"

"Ujibu kweli."

Ekanga alitabasamu kama mtu aliyesikia mtoto akiomba mwezi. "Rudi kwa kazi yako. Choma batoto sindano."

Zamani Godelieve alikuwa mtu mpole. Wanaomkumbuka akiwa msichana wanasema alikuwa akiongea kwa sauti ya chini mpaka ulazimike kumsogelea. Kilichombadilisha ni kifo cha kaka yake, Casimir.

Casimir alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Vita vya miaka ya sitini vilimpeleka msituni, na aliporudi alikuwa akizungumza na watu ambao hakuna mwingine aliyewaona, tena kwa hasira. Wazee wa ukoo walifanya walichokijua. Walichukua gogo la mti mgumu, wakalitoboa katikati, wakapitisha mguu wake wa kulia kwenye tundu, kisha wakapigilia chuma juu ya kifundo ili mguu usitoke. Hawakuwa watu wabaya. Walimlisha kila siku, wakamwogesha kila Jumamosi, na mama yao alikuwa akilia kila alipomwogesha. Ilikuwa hivyo kwa miaka minne.

Kiangazi cha mwaka 1970 moto wa mashamba ulirukia paa za nyasi. Watu walinyakua watoto, mbuzi na masufuria, wakakimbilia ziwani. Godelieve alikuwa mtaa wa pili akimzalisha jirani. Alipotoka nje na mtoto mchanga mikononi, upande wa kwao ulikuwa moshi mtupu, na ndani ya moshi alisikia sauti ya kaka yake. Haikuwa ikipiga kelele za kuomba msaada. Ilikuwa ikiita majina ya wanafunzi wake, mmoja baada ya mwingine, kama asubuhi darasani. Alifika jina la tisa au la kumi. Kisha sauti ikanyamaza.

Baada ya mazishi, Godelieve alianza kuuliza. Kila daktari aliyepita, kila sista, kila padri: ugonjwa huu unafundishwa wapi? Wengine walimwambia asali. Aliwajibu kwamba anasali tayari, sasa anataka kusoma. Alihangaika miaka minne mpaka akapata nafasi katika hospitali moja ya wagonjwa wa akili ng'ambo ya mpaka. Alirudi na madaftari mawili, kopo la vidonge, na ile sauti ambayo Baraka yote sasa inaijua.

Basi, siku Ekanga alipomwambia arudi akachome watoto sindano, alirudi kweli. Lakini jioni alimwambia mume wake, Raphaël, fundi wa mitumbwi: "Amesema hakuna. Mi nitaenda kubahesabu."

Raphaël alikuwa akinoa randa. "Batakufunga, mama."

"Banifunge."

Raphaël aliendelea kunoa. Siku ya Jumapili, Godelieve alipokuwa akifunga daftari lake kwenye kitambaa, alimwona mumewe akitia msumeno kwenye mfuko.

Walihesabu kwa miezi mitano, siku za mapumziko na siku ambazo dispensari haikuwa na dawa, nazo hazikuwa chache. Walivuka kwa mtumbwi mpaka vijiji vya Ubwari. Walipanda lori la samaki mpaka Kazimia. Godelieve hakuwauliza watu kama wana kichaa nyumbani, kwa sababu hakuna angekubali. Aliuliza, "Nani hapa halali? Nani anaanguka? Nani banamuficha wageni wakikuya?" Halafu aliketi na kungoja, hata kama ni saa nzima, mpaka mtu aseme. Penye gogo, alizungumza na familia kwanza, akatoa vidonge, akaahidi kurudi, na kama walikubali, Raphaël alitoa msumeno.

Huko Ubwari kijana mvuvi aliyeitwa Fabien aliwaonyesha baba yake, ambaye hakuwa amesema neno tangu mvua za mwaka uliotangulia. Fabien alikuwa akimnyoa kila juma na kumsimulia habari za wavu. "Najua ananisikia," alisema. "Nikidanganya kuhusu samaki, anageuza kichwa." Godelieve aliandika jina la baba. Pembeni akaandika jina la Fabien, akalipigia mstari.

Mvua zilipopungua, alipanda milimani. Ni safari ya siku mbili kwa miguu, na baridi ya huko haina huruma na mtu wa ziwa. Aliwakuta wafugaji wasemao Kinyarwanda, watu wa kanisa la Kiprotestanti, na kati yao mjane mmoja aitwaye Nyirabahire, aliyemlea dada yake mgonjwa kwa miaka miwili bila kumfunga kamba.

"Ulifanya ginsi gani?" Godelieve alimuuliza.

Nyirabahire alishangaa kuulizwa. "Asubuhi namuuliza amelala ginsi gani. Akisema vibaya, siku ile simwachi peke yake. Akisema vizuri, namupa kazi. Mi sijasoma, mama. Sijui kama ni vizuri."

Godelieve, aliyelipia elimu yake kwa miaka minne ya kuombaomba, alitazama chini. Jambo lile lilikuwa limeandikwa kwenye ukurasa wa tatu wa daftari lake.

Aliporudi, wanaume kadhaa pale ufukweni walimkabili. Kwa nini anawahesabu watu wa milima? Wafadhili wakileta mafunzo, yawe ya watoto wa hapa. Godelieve aliweka mzigo chini.

"Wazimu hauulizi kama baba yako alichunga ngombe ao alivua ndagala," alisema. "Na mi siulizi. Mwenye hapendi, aende Bukavu atafute feza zake."

Nyumba moja tu ilimshinda. Albert, mwenye nyavu mbili na sauti kubwa kanisani, alimpokea vizuri, akampa kiti na samaki. "Kwangu hakuna mugonjwa," alisema. Wakati uleule, nyuma ya mlango uliofungwa, sahani ilianguka na mtu akaanza kukoroma koromo la kifafa. Wote wawili walilisikia. Albert alimtazama moja kwa moja machoni. Godelieve alishukuru kwa samaki, akaondoka bila kuandika kitu.

Daftari lilifika majina mia moja sitini na matatu. Alilipeleka kwa Ekanga. Ekanga hakulifungua. Alilisukuma kwa kidole kimoja mpaka likafika ukingoni mwa meza, na Godelieve akalidaka kabla halijaanguka.

"Nilishaandika," alisema. "Leta haiandiki mara mbili."

Wakati ule, kila Jumamosi asubuhi ilikuwa salongo. Kila mtu mzima alitakiwa kutoka na jembe au panga, kusafisha barabara na mitaro kwa ajili ya taifa, na asiyeonekana alitozwa faini au kulala ndani. Ekanga mwenyewe alipenda kusimamia. Alikuwa akisema kwa kipaza sauti kwamba raia ni raia, hakuna wa kubaki nyumbani.

Godelieve alipita nyumba hadi nyumba siku nne. Hakuwaambia watu waandamane, maana neno hilo peke yake lingeweza kumpeleka mtu mahali ambako harudi. Aliwaambia: "Siku ya Jumamosi mutii sheria."

Jumamosi ile watu wa Baraka walifika sokoni na majembe yao, na wagonjwa wao pia. Mwanaume wa chini ya meza za samaki alikuja, ameogeshwa na wamama wauza ndagala, amevalishwa shati. Binti wa mkono ulioungua alikuja na fagio. Bibi mmoja alikuja akiimba, jembe begani, na mwanawe amemshika kiuno. Mwanaume mwingine alikuja na gogo lake mguuni, maana ndugu zake walikuwa bado hawajakubali msumeno. Kaka zake wawili walilibeba huku na huku, na kila walipochoka na kulitua, ardhi ilitoa mshindo. Walikuwa thelathini na sita. Walisimama mstarini kama wengine.

Ekanga alishusha kipaza sauti. "Ni nini hii?"

"Ni raia, citoyen," Godelieve alijibu, kwa sauti ya kufika mpaka ziwani. "Ulisema hakuna wa kubaki nyumbani. Hao njo bale benye uliandika kama habako. Ita majina, uone nani ataitika."

Hakuna aliyecheka. Watu wengi walikuwa hawajawahi kuwaona wote pamoja, na kila mmoja aliyekuwa ameficha wake alikuwa amedhani ni yeye peke yake.

Hapo ndipo Albert alipopita katikati ya watu. Alikuwa amemshika mkono binti wa miaka kama ishirini, mwembamba, anayefinya macho kwa jua, kwa sababu hakuwa ametembea mchana kwa muda mrefu. Albert alimweka mwishoni mwa mstari, akasimama kando yake. 

"Anaitwa Marie," alisema. "Ni mutoto wangu. Muandike."

Wakawa thelathini na saba.

Ekanga aliita majandarme, askari wa serikali, nao wakamkamata Godelieve kwa kosa la kuvuruga salongo. Alikwenda bila kushikwa. Raphaël alitaka kufuata, lakini Godelieve akamwambia, "Wewe baki na musumeno. Kazi iko."

Kashoti, yaani selo, ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la chuma, kadiri ya kitabu kikubwa. Wamama wauza ndagala walimletea bugali na sombe ya majani ya muhogo kila siku, kwa zamu. Siku ya tatu, mama mmoja aliyepitisha sahani hakuondoka. Aliinamia dirisha, akanong'ona: "Muliandika muke mwenza wangu? Anaitwa Sifa. Anakaa Mukwezi." Siku ya nne walikuja watatu. Siku ya sita kulikuwa na foleni nyuma ya kashoti, watu kutoka mji wa Fizi kwenyewe, hata watu walioshuka kwenye mitumbwi asubuhi ile. Daftari lilikuwa nyumbani, na Godelieve hakuwa na karatasi. Alianza kuyakariri majina, akiyarudia usiku na mchana, akiogopa yasimponyoke.

Jandarme wa zamu aliitwa Roger, kijana mrefu kutoka Bandundu. Alivumilia siku mbili kumsikia akitembea toka ukuta hadi ukuta na kutaja majina. Kisha alichana karatasi mbili nyuma ya rejista ya kazi, akaketi mlangoni na kalamu.

"Sema polepole," alisema. "Mi naandika."

Aliandika majina hamsini na moja, la kwanza likiwa la Marie. Walipomaliza, alibaki na kalamu mkononi. "Ndugu yangu iko kwetu, Kikwit. Banamufunga kwa muti. Huyo hawezi kuingia kwa liste?"

"Kikwit si Zone yetu, mwanangu."

"Najua."

Godelieve alisogea karibu na mlango. "Anaitwa nani?"

Roger alimwambia jina. Hakuliandika popote. Alisimama, akasafisha suruali, akaenda kufunga mlango wa nje.

Jumamosi iliyofuata, wanawake wa Baraka hawakwenda salongo. Walikaa chini kuzunguka kashoti, na majembe yao mapajani, wakisema wanangoja mkunga wao, maana kuna wenye mimba za kuzaa. Na kweli walikuwepo: mmoja alishikwa na uchungu palepale, na majandarme wakaanza kutazamana. Ekanga alimtoa Godelieve kabla ya saa sita. Lakini kwanza alimwita ofisini, akamwekea karatasi mezani.

"Weka sahihi ya kusema hesabu yako ilikuwa ya uongo, urudi kwa kazi. Usipoweka, kazi ya Leta imekwisha kwako."

"Mushahara ya miezi saba sijaona, citoyen. Unanifukuza kwa kazi gani?" Alirudisha karatasi ilikotoka. "Ile mama nje atazaa sasa. Niruhusu nipite."

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume. Godelieve hakuajiriwa na serikali tena maisha yake yote.

Lililobaki ni muhuri, na muhuri hakuupata. Badala yake alirudi kwa familia zote, za ziwani na za milimani, na kila familia ikatia kidole gumba kwenye wino kando ya jina la mtu wake. Alichukua boti mpaka Uvira, kisha lori mpaka Bukavu, daftari limefungwa kifuani kama mtoto. Katibu wa ile ofisi ya kanisa alikuwa mchungaji mwenye adabu na mwoga. Alifungua kurasa, akashusha pumzi.

"Mama, kanuni inasema muhuri wa serikali."

"Vidole mia mbili na kumi na nne, pasta. Hakuna vidole viwili vyenye kufanana. Muhuri wa ofisi iko mumoja tu, na ule mumoja umesema uongo. Unataka nikuletee gani?"

Mchungaji alijaribu kulirudisha daftari. Godelieve hakulipokea. Alilala kwenye benchi la ofisi siku mbili, akila ndizi, akimsalimia kila anayeingia na kumweleza kilichomleta. Siku ya tatu mchungaji aliandika barua kwa wafadhili kwa mkono wake mwenyewe, akaambatanisha vidole.

Jibu lilichukua miezi minne, nalo lilikuwa nusu. Wangelipia watu sita, siyo kumi na wawili: vitabu, dawa, na mwalimu mmoja wa kusaidia. Raphaël alisema nusu ni mwanzo. Godelieve alisema nusu ni nusu, akaita kumi na wawili hivyohivyo. Wamama wa sokoni walitoa ndagala. Watu wa milima walishusha maharage na maziwa, na Nyirabahire alikuja na ndama jike akisema huyu ni karo yangu. Albert alitoa mtumbwi wa kubebea wanafunzi wa Ubwari, na Marie, aliyekuwa sasa akimeza dawa zake na kuanguka mara chache, alipika.

Walisomea kwenye ghala la zamani la pamba. Siku ya kwanza Godelieve hakufungua kitabu. Alileta gogo moja ambalo Raphaël alilikata kwenye mguu wa mtu na kulifunga tena kwa bawaba, akawatia wanafunzi wote humo kwa zamu, kila mmoja siku yake, kuanzia asubuhi mpaka chakula cha mchana. Mwalimu kutoka Bukavu alisema hiyo haimo kwenye programu.

"Najua," Godelieve alimjibu. "Programu haijawahi kufungwa."

Watatu waliacha kabla ya mwisho. Mmoja aliogopa wagonjwa, mwingine aliogopa wakubwa, wa tatu aliolewa Kalemie. Tisa walimaliza. Hawakupewa cheti chenye muhuri. Walipewa kopo la dawa, daftari, na orodha ya majina ya kijiji chao, yaliyoandikwa kwa mkono. Fabien alirudi Ubwari, na baba yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha yake. Nyirabahire alipanda milima na majina thelathini na mawili. Wapo waliopona, wapo waliotulia tu, na wapo waliokufa vilevile. Godelieve hakuficha hata mmoja wao alipoandika taarifa kwa Bukavu.

Ekanga alihamishwa. Mwaka 1986 alikuja mkubwa mwingine, mwenye maneno matamu zaidi. Alikuwa amesikia habari za wale tisa, na alimtuma mtu amlete Godelieve kwa gari. Alimpa soda. Siku ya sikukuu ya chama, alisema, kutakuwa na medali. Mama Mauwa atapanda jukwaani, atashukuru Chama kwa kuwafundisha waganga wa akili, na mwaka ujao huenda ofisi ikatafuta hata kidogo cha kusaidia darasa jingine.

Godelieve alikuwa na nywele nyeupe pembeni sasa. Alilifikiria lile darasa jingine. Hakuwa na dawa za miezi miwili ijayo, na wafadhili walikuwa wameanza kuchoka. Alikunywa soda yake mpaka mwisho, kwa sababu kiu ilikuwa ya kweli.

"Mukitaka kusaidia, musaidie," alisema. "Mulete dawa, nitaandika kama mulileta dawa. Lakini yenye hamukufanya siwezi kuiandika. Mi nilishakataa kuandika uongo nikiwa mufungwa wa kashoti. Sasa niandike nikiwa kwa kiti muzuri?"

"Utapoteza nafasi, mama."

"Nilishazoea kupoteza."

Alirudi nyumbani kwa miguu, kwa sababu lile gari halikumrudisha. Raphaël alimuuliza walitaka nini, akamwambia, naye akacheka mpaka akaketi chini. Kesho yake, kulipopambazuka, Godelieve alipanda mtumbwi kwenda Kazimia, ambako watu kumi na sita wa darasa jingine walikuwa wamekwisha kuketi wakimngoja, na madaftari yao, bila ruhusa ya mtu yeyote.